Brashi Ikilowa

Ngeleja Mashimba alianza kuosha madirisha ya Bariadi wakati nyumba za ghorofa mjini zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Alianza na ngazi ya mbao na ndoo. Baadaye akapata fimbo ya aluminiamu, ile ya kurefusha, yenye mpira mwembamba unaopandisha maji hadi kwenye brashi iliyofungwa juu, mtu akasimama chini na kusugua kioo cha ghorofa ya tatu bila kupanda popote. Mwisho akanunua nyingine nyepesi zaidi, ya nyuzi za kaboni, nyeusi tii. Aliipenda fimbo hiyo kama ndugu zake wa Migato wanavyopenda dume la ng'ombe. Aliifuta kila jioni kabla hajanawa yeye mwenyewe.

Mkewe, Domitila, mzaliwa wa Mwamanyili, ndiye aliyesimamia tangi, pampu na mpira wa maji. Ngeleja akiinua fimbo, Domitila anafungua. Ngeleja akisema "tosha", anafunga. Binti yao, Kabula, alikuwa ameshaolewa Lingeka, na nyumbani walibaki wawili tu. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba siku nyingine walimaliza jengo zima bila neno jingine zaidi ya hilo moja.

Kazi ilikuwa nyingi msimu wa pamba. Viwanda vya kuchambulia vikianza kunguruma, manyoya mepesi husambaa hewani, huchanganyika na vumbi na kunata kwenye vioo kama uji uliokaukia kwenye sufuria. Uchafu wa namna hiyo hautoki kwa maji matupu. Unataka brashi, na brashi ya Ngeleja ilikuwa ya nywele za nguruwe, pana, inayofyonza maji na kusugua bila kukwaruza. Hakutaka kusikia habari ya nyingine.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kumsaliti. Nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ilibonyea, kama iliyokandamizwa ikasahau kurudi. Kikombe kilimponyoka. Vifungo vya shati vikamshinda, akawa anavaa fulana hata kanisani. Kazini brashi ilianza kutangatanga juu ya kioo, na michirizi ikabaki mahali ambapo haikuwahi kubaki.

Walikwenda hospitali Mwanza, wakapimwa na kurudishwa na kupimwa tena, mpaka siku moja daktari akafunga mlango na kuongea nao taratibu. Mishipa inayopeleka amri kwenye misuli ilikuwa inakufa, alisema. Ilikuwa imeanza mkononi, ingekwenda mkono wa pili, miguu, ulimi. Mwisho ni kumeza, na kupumua. Hapakuwa na dawa ya kuirudisha.

"Mmenielewa?" daktari aliuliza.

"Tumeelewa," Ngeleja alijibu, akashukuru, akavaa kofia yake.

Njia nzima alitazama nje. Basi liliposimama Lamadi na wachuuzi wa samaki wakazunguka madirishani, ndipo alipofungua mdomo.

"Unajua, Mama Kabula, tatizo kubwa ni ile brashi. Imekuwa nzito."

Domitila aliutazama mkono wa mumewe uliolala gotini. Chini ya ngozi, msuli ulikuwa unachezacheza wenyewe, kama kuna mdudu anayetafuta pa kutokea.

"Basi tutatafuta nyingine," alisema.

Hawakuzungumza tena maneno ya daktari. Ngeleja hakuyataja, na Domitila aliona kwamba kumlazimisha ayataje ni kama kumvua nguo hadharani. Akanyamaza naye. Usiku alimsikia akikunja na kukunjua vidole chini ya shuka, akijifanya amelala.

Maonesho ya Nane Nane yalipofika, walikwenda Nyakabindi. Walisikia kuna banda la vifaa vya usafi kutoka Mwanza, na kweli lilikuwepo, jirani na wafugaji wa nyuki. Mwenye banda alikuwa dada mmoja mchangamfu aitwaye Gloria. Nyuma yake brashi zilining'inia kwenye waya, na mbele alikuwa amesimamisha fremu ya dirisha juu ya nguzo ndefu, ili wateja wajaribu.

"Karibuni baba, karibuni mama. Mnatafuta ya kuoshea nini?"

"Vioo virefu," Ngeleja alisema. "Fimbo ninayo. Nataka brashi nyepesi, lakini isiwe ya mchezo. Huku kwetu kuna manyoya ya pamba."

Gloria alishusha brashi moja baada ya nyingine, akimpa azishike. "Kwenye fimbo ndefu, baba, uzito wa chini si kitu. Uzito wa juu ndio unaoua bega. Kitu kidogo sana kikiongezeka kule juu, huku chini unakisikia kama ndoo. Hii ya nywele inasugua vizuri kuliko zote, lakini inakunywa maji. Hii ya nailoni hainywi. Na hii imechanganywa, nailoni katikati, nywele pembeni."

Ngeleja aliichukua ile ya mchanganyiko, pana kama ile aliyoizoea. Gloria akaifunga kwenye fimbo ya maonesho, akairefusha. Ngeleja akaiinua kwa mikono miwili. Ilisimama. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo kutazama, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mwanza.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Nilikwambia ni brashi."

Domitila alitamani kuishia hapo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akisimama chini ya fimbo hiyo kila siku.

"Iloweshe kwanza, Baba Kabula," alisema polepole. "Brashi kavu inadanganya."

"Ni kweli, mama," Gloria alisema, akafungua bomba.

Maji yalipanda. Kwa muda mfupi hakuna kilichobadilika, kisha nywele zikashiba, na ncha ya fimbo ikaanza kuyumba, kidogo, halafu sana. Ngeleja alikaza meno. Mkono wa kushoto ulivuta, wa kulia ukafunguka wenyewe kama ua. Fimbo ikaenda upande, ikapita juu ya vichwa vya watu na kuangukia meza ya wafugaji wa nyuki. Chupa za asali zilibingirika, kadhaa zikapasuka.

"Mzee kalewa saa hizi!" mtu mmoja alipaza sauti, na wengine wakacheka.

Ngeleja alisimama pale pale, mikono yake ikiwa imeshika hewa. Domitila alikimbilia meza ya asali, akapiga magoti kuokota vigae. Mfugaji wa nyuki, mzee wa makamo kutoka Meatu, aliutazama mkono wa Ngeleja, akamzuia Domitila.

"Acha, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "utajikata. Yaliyomwagika yamemwagika."

Gloria naye alikuwa ameona. Alichukua brashi nyingine, nyembamba, ya nailoni tupu, mwili wake umetobolewa matundu kupunguza uzito, akaifunga kwenye fimbo.

"Hiyo ni ya kupigia viatu rangi," Ngeleja alisema.

"Acha nijaribu mimi," Domitila alisema.

Akaishika fimbo. Maji yakapanda, na brashi haikuongezeka uzito kama ile nyingine. Aliipeleka hadi kwenye kona za fremu, akashusha, akapandisha. Nyuzi zake zilikuwa laini mno, zikalala chini badala ya kusugua. Akaomba nyingine, ya upana huo huo lakini yenye nyuzi ngumu kidogo. Hiyo ilikamata kioo. Akairudia mara kadhaa, akisikiliza bega lake, akibadili mguu wa mbele, mpaka akasahau kwamba watu wanamtazama. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unachagua kwa bega la nani?" Ngeleja alimuuliza.

Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye brashi na kulowesha viatu vyake.

"Chukua hiyo," Ngeleja alisema. "Inakufaa." Akaelekea getini peke yake, akipita katikati ya watu bila kumwangalia mtu.

Baada ya siku hiyo Domitila ndiye aliyeshika fimbo, na Ngeleja akakaa kwenye maji. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Kwa mkono wa kushoto aliweza bado kufungua na kufunga. Lakini alikuwa hatazami juu. Domitila akisema "tosha", alichelewa, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Asubuhi moja walikuwa kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Esteria, mteja wao wa siku nyingi. Chini ya paa mbayuwayu walikuwa wamejenga, na kinyesi chao kilikaukia kwenye vioo vya juu. Domitila alisugua, brashi mpya ikapita juu yake bila kuking'oa. Akarudia. Haikusaidia.

Ngeleja alifungua mfuko wa zana na kutoa brashi ya zamani, ile ya nywele. Domitila hakujua kwamba aliibeba.

"Kinyesi hiki kinataka nguruwe," alisema. "Lete fimbo."

"Baba Kabula, acha. Nitarudia tu, kitatoka."

"Nilikuwa naosha madirisha haya kabla hujajua hata kufunga mpira. Lete."

Alitoa mfukoni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa meno na mkono wa kushoto aliuzungusha kwenye ngumi yake ya kulia na fimbo pamoja, akakaza, mpaka mkono usiweze kufunguka hata ukitaka. Domitila alimtazama akifanya hivyo. Angeweza kukataa kufungua maji. Lakini uso wa mumewe ulikuwa na kitu ambacho hakuwa amekiona tangu Nyakabindi, na moyo wake ukashindwa kukizima. Akafungua.

Fimbo ilipanda vizuri. Brashi ikafika chini ya paa, ikasugua, na kinyesi kikaanza kulainika na kuteremka kama chokaa. "Unaona?" Ngeleja aliita. "Unaona?" Domitila alisogea karibu ili atazame, na hapo bega la mumewe likakubali kushindwa. Fimbo ilirudi nyuma yote kwa pamoja. Brashi iliyoshiba maji ikampiga Domitila kati ya shingo na bega, akasikia mfupa ukilia ndani yake kabla hajasikia maumivu.

Alipofumbua macho alikuwa amelala kwenye matope. Hatua chache kutoka kwake Ngeleja naye alikuwa chini, amevutwa na fimbo, mkono bado umefungwa. Alikuwa akijaribu kujifungua kwa meno na hakuweza. Alijaribu kutambaa kumfuata mkewe, na fimbo ikakwama kwenye nguzo ya uzio na kumzuia.

"Domitila," alikuwa akiita. Hakumwita Mama Kabula. "Domitila, sikufikii. Sikufikii."

Esteria alitoka jikoni mbio na kisu cha kukatia mboga, akaukata ule mpira.

Mfupa wa mtulinga wa Domitila ulikuwa umevunjika. Hospitali walimfunga mkono kifuani na kumkataza kubeba hata jagi. Kabula alikuja kutoka Lingeka akapika na kufua, na baada yake akaja kaka mkubwa wa Ngeleja, Mayige, kutoka Migato. Alileta kuku na mchele, akaketi, akasalimia kwa Kisukuma kila mmoja kwa zamu yake, halafu akatoa alilokuja nalo.

"Mkosi huu si wa bure," alisema. "Mkono unakauka, mke anavunjika mfupa siku hiyo hiyo mume anaanguka. Kuna mtu amekufunga, mdogo wangu. Mama yetu hapati usingizi. Yupo mganga anayejua mambo haya. Twende nyumbani akutazame."

"Shemeji," Domitila alisema, "Mwanza walishamtazama."

"Wakasema nini?"

Domitila akainamisha kichwa. Hilo halikuwa lake kulisema. Kuku aliyefungwa miguu alikuwa akipigapiga mabawa karibu na mlango.

"Walisema nakufa," Ngeleja alisema.

Mayige alimgeukia, naye akaendelea.

"Walisema itakwenda mguuni, halafu ulimini, halafu sitapumua. Daktari alisema vizuri kabisa, mimi na huyu tukasikia. Halafu mimi nikasema ni brashi." Alimgeukia mkewe. "Nikakuvunja kwa sababu ya brashi."

Mayige alivua kofia, akaifinyanga mikononi. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa, wa minadani, lakini alipolia alilia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja.

"Hata kama ni hivyo," alisema, "mama anakuomba."

"Nitakwenda," Ngeleja alisema. "Si kwamba naamini. Nitakwenda ili mama asije akabaki anajiuliza."

Domitila, aliyebatizwa tangu utotoni na kusali kila Jumapili, hakumpinga. Alimfungia nguo kwa mkono mmoja, Kabula akimalizia mafundo.

Mganga alimchanja, akamfukiza, akampa dawa za kuoga. Ngeleja alirudi Bariadi mvua za kwanza zilipoanza, akiwa na chale nyeusi mkononi na mguu wa kulia anaouburuta. Domitila alikuwa amepona vya kutosha kurudi kazini. Hakuuliza habari za mganga, na Ngeleja hakusimulia, ila alisema mama yao alilala vizuri siku zote alizokuwa kule.

Sasa ulimi nao ulikuwa mzito. Maneno yake yalitoka yamelala, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni, na wageni walidhani amekunywa. Kwa Domitila yalikuwa bado ni maneno. Siku za kazi karibu na nyumbani alimpakia kwenye bajaji, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki mahali penye kivuli. Hakutaka aachwe peke yake, na yeye hakutaka kuachwa.

Waliporudi kwa Esteria, kile kinyesi cha mbayuwayu kilikuwa kimejaa tena. Domitila alisugua kwa brashi yake nyembamba hadi bega lililoumia likaanza kuwaka moto.

"U-si-su-gue," Ngeleja alisema kutoka kitini.

Domitila alishusha fimbo.

"Lowesha. Ondoka. Osha kingine. Rudi." Alipumzika, akavuta pumzi. "Brashi nyepesi... haina nguvu. Ina... maji tu. Yaache maji... yafanye."

Alifanya hivyo. Alikilowesha kioo, akaenda cha pili na cha tatu, akarudi. Kinyesi kilikuwa kimelainika, kikatoka kwa kuguswa. Alicheka, akageuka kumwonesha. Ngeleja alikuwa akitazama juu, mdomo umefunguka kidogo, mate yakiteremka kidevuni bila yeye kujua. Domitila aliacha maji yakimwagika, akaenda kumfuta kwa pindo la kitenge chake.

"Wabeja," Ngeleja alisema, akimshukuru kwa Kisukuma.

Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kamili ambalo Domitila alikumbuka kulisikia. Baada ya hapo zilibaki sauti, kisha macho. Alimlisha uji kwa kijiko, polepole, akimshika paji la uso. Mahindi yalikuwa yamefika magotini alipoanza kukosa pumzi akilala, wakawa wanamwegemeza kwenye mito. Alikufa asubuhi, Domitila akiwa ametoka uani kuteka maji. Aliporudi, macho yalikuwa wazi yakitazama mlangoni. Hakujua kama yalikuwa yakimsubiri au yalikuwa yameishia hapo tu.

Walimzika Migato, mvua ikinyesha, watu wakishikilia maturubai juu ya shimo. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mjomba, baiskeli kwa mtoto wa Mayige. Kisha shangazi mmoja akauliza kuhusu ile fimbo ya Bariadi, kwamba ni mali ya marehemu, na vijana wa ukoo hawana kazi.

Wote walimtazama Mayige. Yeye alimtazama Domitila, aliyekaa kwenye mkeka amejifunika kanga kichwani, bega moja limebaki chini kuliko jingine.

"Hiyo mayu aliishika mwenyewe, Ngeleja akiwa hai," Mayige alisema. "Ngeleja alimwachia kwa mkono wake. Tuendelee na mengine."

Shangazi alinung'unika, lakini wakaendelea na mengine. Domitila hakujisikia kushinda. Aliwaza kwamba atarudi na fimbo kwenye nyumba ambayo ndani yake hakuna wa kumwambia "tosha".

Alirudi. Kabula alikaa naye kwa muda, kisha mume akamhitaji Lingeka. Jumatatu moja Domitila alipakia tangi na pampu kwenye bajaji, akaenda kwenye ofisi moja ya ghorofa mbili waliyokuwa wakiiosha mara chache kwa mwaka. Alijifunza kufungua maji mwenyewe, kukimbilia fimbo, kuinua, kisha kurudi kufunga. Mlinzi wa pale, mzee Salvatory, alimwona akihangaika, akaja akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mwangaluka, mayu. Leo unanyanyaswa na maji. Mwenzako yuko wapi? Au siku hizi amekuwa bosi, anakutuma peke yako?"

Domitila alikuwa ameinua fimbo. Alitambua kwamba habari haikufika hapa, na kwamba kwa mzee huyu, mpaka dakika hii, Ngeleja alikuwa mahali fulani mjini, akitembea.

"Amekufa, baba," alisema. "Tulimzika Migato."

Salvatory alisimama. Akaweka kikombe chini, kwenye ngazi, akaenda kwenye pampu kuyafunga maji, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya.

"Yaache," Domitila alimwambia, bila kugeuka. "Yaache yatoke. Kioo hakijasuuzwa."